Hadithi ya picha kuhusu uonevu shuleni (darasa la 1 hadi la 3): ni ndefu, "inahubiri", na bei ya chapa imenishinda

Kalamu ya Mkaa

Habari za kazi wakuu. Nina muswada wa kitabu cha picha kwa watoto wa miaka 6 hadi 9. Kwa kifupi: Sefu ana kigugumizi. Kila akisimama kusoma, Masumbuko anamwigiza na darasa zima linaangua kicheko. Mapumziko yakifika Masumbuko anampora andazi kwenye foleni ya uji. Neema anakaa dawati moja na Sefu, anaona yote, ananyamaza. Mwishoni Masumbuko anatumbukia kwenye mtaro nyuma ya vyoo, Sefu anamvuta na kumtoa, Masumbuko anaomba msamaha mstarini asubuhi, wanapeana mikono na kuwa marafiki.

Vipimo: maneno 1,450, kurasa 24 pamoja na za mwanzo, umbo la mraba sentimita 21 kwa 21, rangi zote, nakala 300 za kuanzia. Mchoraji yupo, hajaanza.

Waliousoma wanasema ni mrefu na unahubiri, na ule mwisho wa mtaro hata mimi naona kama nimeuchomekea tu. Nikate wapi? Je, niwageuze wawe Sungura na Fisi ili mafundisho yashuke laini? Pia sijui nitumie neno gani, uonevu, unyanyasaji au ubabe. Halafu makadirio ya chapa yamenishtua, kama kuna pa kupunguza bila kuharibu picha nielekezeni. Natanguliza shukrani.

---

Mhariri Msumari

Mkuu, tuanze na mtaro, maana urefu na mahubiri vinatokea huko huko.

Kitabu chako kinahusu kutenda haki, lakini anayetenda haki humo ni mtaro. Neema anakaa kurasa 20 akitazama, kisha shimo linamfanyia kazi yake. Kibaya zaidi, mzigo umeuweka begani kwa Sefu: mtoto anayeonewa anaambiwa asubiri adui yake aanguke, amwokoe, ndipo apendwe. Msomaji wako halisi ni Neema. Darasa la watoto 60 lina Masumbuko mmoja au wawili, Sefu wachache, na waliobaki wote ni Neema. Watafiti wa Kanada, Hawkins, Pepler na Craig, waliorekodi watoto kwenye viwanja vya shule na kuchapisha matokeo mwaka 2001, waliona wenzao wakiingilia kati kwenye asilimia 19 tu ya matukio ya uonevu. Lakini walipoingilia na matokeo yakaonekana wazi, asilimia 57 ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Hapo ndipo kitabu chako kilipo: sekunde 10 za Neema.

Urefu. Kwa umri huo na kurasa 24, lenga maneno 400 hadi 500. Chukua kalamu nyekundu ukate kila kinachoweza kuonekana kwenye picha. Tuseme umeandika: "Asubuhi moja yenye baridi, Sefu, mtoto mpole mwenye shati lililochakaa kola, alisimama kwa woga huku mikono ikimtetemeka." Baridi, shati, kola, woga na mikono ni kazi ya mchoraji. Kwako linabaki: "Sefu alisimama kusoma." Kisha kata kila sentensi inayotaja hisia kwa jina (alihuzunika, alijuta) na kila anachosema mtu mzima kinachoanza na "wanangu". Ukimaliza hapo utakuwa umeshuka kama nusu, na mahubiri yameondoka yenyewe.

Jambo moja nalisisitiza: usiandike kigugumizi. Ukichapa "M-m-m-mama", mwalimu anayesoma kwa sauti, au mtoto aliyepewa zamu ya kusoma, atalazimika kukiigiza, na darasa litacheka. Utakuwa umemfanya msomaji kuwa Masumbuko. Andika "Neno halikutoka." Picha tatu ndogo zinamaliza: kidole cha Sefu juu ya neno lile lile, kidole pale pale, kidole pale pale.

Jina Masumbuko liondoe. Kuna watoto wanaoitwa hivyo kweli, na kitabu kikifika darasani kwao ndio watakaotaniwa. Jina la mbabe liwe la kawaida kiasi kwamba kila darasa lina wawili watatu, kama Juma. Neema naye anabeba maana mno. Rehema, Tumaini na Imani wana shida hiyo hiyo. Mwite Asha.

Sasa Kiswahili chenyewe, maana hapa wengi wanateleza. Kiambishi a- hakisemi ni nani kati ya watoto watatu walio ukurasa mmoja. "Alimsukuma, akaanguka, akalia." Nani kaanguka? Kisarufi anaweza kuwa msukumaji. Rudia jina au tumia kauli ya kutendwa: "Sefu akasukumwa. Uji ukamwagika." Na kitenzi kuonea ni mtego. "Asha alimwonea" mwishoni mwa mstari, kisha "huruma" mstari wa chini, na mtoto anayesoma kwa silabi tayari ameshaelewa kwamba Asha naye ni mwonevu. Andika "alimhurumia", au acha picha iseme. Epuka pia maneno ya treni kama "wanavyomnyanyasa". Mtoto wa darasa la 1 akifika katikati amesahau mwanzo. Sentensi iwe ya maneno 4 hadi 8, na neno lisikatwe kwa kistari mwisho wa mstari.

Mgawanyo wa kurasa kwa 24: 1 jina la kitabu, 2 haki na taarifa za uchapaji, 3 mwanzo wa hadithi, kisha kurasa pacha (mbili zinazotazamana) 10 kuanzia 4–5 hadi 22–23, na 24 maswali. Uonevu usizidi pacha 3 kati ya hizo 10. Watunzi wengi wanajaza ugomvi hadi ukurasa wa 20, kisha suluhu inabanwa kwenye kurasa 2, na mtoto anaondoka na kile alichokiona kwa muda mrefu zaidi, yaani mbinu mpya za kumsumbua mwenzake. Ningepanga hivi: 3 hadi 5 Asha na Sefu, na kitu ambacho Sefu ni hodari nacho (gololi, kwa mfano), 6–7 darasani, 8–9 foleni ya uji, 10–11 darasani tena, na safari hii Asha naye anacheka kidogo, 12–13 bila maneno, ama sentensi moja tu, 14–15 Asha anajaribu, inashindikana, 16 hadi 21 anajaribu njia nyingine na kupata msaada, 22–23 foleni ya uji, Sefu na andazi lake. Juma asimame pembeni kidogo akitazama. Usimfanye rafiki wa kila mtu kwa siku moja, hakuna mtoto atakayekuamini.

---

mwl_wa_zamu

Mhariri kamaliza mengi. Naongeza ya darasani, na moja nampinga kidogo.

Neno kwanza. "Unyanyasaji" ni la ripoti, liache huko. Watoto husema "ananionea", "ananichokoza", "wananitenga". Tumia vitenzi ndani ya hadithi, na "uonevu" ulitaje mara moja tu kwenye maswali ya ukurasa wa 24. Kazi kubwa ni kuutofautisha na utani, kwa sababu kwetu utani una heshima yake, na kila mbabe akikamatwa husema "nilikuwa namtania tu". Dan Olweus wa Norwei, aliyeanza kulichunguza jambo hili miaka ya 1970, aliweka vigezo vitatu: nia ya kuumiza, kurudiarudia, na tofauti ya nguvu. Kwa lugha ya darasa la 2: katika utani wote wawili wanacheka, na mmoja akisema basi, inakuwa basi. Ndiyo maana tukio la andazi lisiwe moja. Foleni ile ile, sufuria ile ile, siku mbili tofauti. Ukilionyesha mara moja ni wizi wa andazi tu.

Msamaha mstarini ufute. Kumsimamisha mtoto mbele ya shule nzima aombe radhi ni kumwaibisha, na hasira yake atakwenda kuimalizia kwa Sefu njiani wakirudi nyumbani. "Peaneni mikono yaishe" nayo vivyo hivyo: inafaa wawili waliogombana wakiwa na nguvu sawa, lakini hapa aliyeonewa analazimishwa kumshika mkono anayemtisha. Mwalimu wako wa pacha 18–19 afanye haya kwa mpangilio: ainame asikilize, amwite Sefu peke yake, amwite Juma peke yake wakati mwingine, kisha yeye mwenyewe asimame karibu na foleni ya uji kuanzia kesho yake. Fimbo isionekane popote, hata ukutani. Juma akichapwa ukurasa wa 20, mtoto amejifunza kwamba kusema kunaleta kipigo, na wengi hawatasema, hata walioonewa, kwa kuogopa kuitwa wasemeaji.

Hilo la kusemea lishughulikie waziwazi, maana ndicho kikwazo chenyewe. Watoto wana sheria yao kali: anayesemea hachezi. Mpe Asha sentensi fupi anayoweza kuikariri msomaji. Si "Mwalimu, Juma ni mbaya", bali "Mwalimu, Sefu hajala siku mbili." Anataja kilichotokea kwa nani, bila jina la kumshtaki mtu.

Jaribio la kwanza la Asha lishindwe, nakubali, lakini asimkabili Juma kwa ubavu. Hatua ambazo mtoto wa miaka 7 anaziweza ni kutocheka, kwenda kusimama karibu na anayeonewa, kumwita ("Sefu, njoo tucheze gololi"), na kumwambia mtu mzima. Ukimwandika Asha amepaza sauti "Acha!" na mbabe akanywea, mtoto atakwenda kujaribu na kurudi na kofi.

Kuhusu wanyama. Watafiti wa Toronto mwaka 2017 waliwasomea watoto wa miaka 4 hadi 6 hadithi ya kugawana, wengine yenye watu, wengine yenye wanyama wanaovaa nguo. Waliosomewa ya watu ndio waliogawa stika nyingi zaidi baadaye. Juu ya hilo, kwetu Fisi ameshahukumiwa kabla kitabu hakijafunguliwa. Mtoto hatajiuliza kama yeye ndiye Fisi. Kwa hiyo watu. Ila kama kitabu kitasomwa darasa moja na Sefu halisi mwenye kigugumizi kile kile, watu wanamweka uchi mbele ya wenzake. Dawa yake si kuwageuza wanyama, ni kubadilisha sababu ya kuonewa. Fikiria kuondoa kigugumizi kabisa: Sefu ni mgeni kahamia katikati ya muhula, sare yake ni ya shule nyingine. Hapo nampinga mhariri aliyekibakiza.

---

Shamba la Rangi

Naongelea mchoro tu.

Mwambie mchoraji aanze na karatasi moja ya wahusika: Asha, Sefu na Juma, kila mmoja mbele, ubavuni na nyuma, na nyuso tano tano. Watoto wenye sare hufanana, kwa hiyo kila mmoja apewe alama inayoonekana hata kwa mbali. Sare ya shule nyingine aliyoitaja mwalimu ni zawadi kwa mchoraji: Sefu ana kaptura ya bluu kati ya kaptura za kaki, jicho linampata mara moja kwenye umati wa 30.

Umati usiwe mapambo. Mtafiti wa Finland, Christina Salmivalli, na wenzake mwaka 1996 walionyesha kwamba uonevu una majukumu sita: mwonevu, msaidizi wake, mshangiliaji, anayeonewa, mtetezi, na anayejitenga. Wagawie watoto wako sura hizo na uzifuate ukurasa kwa ukurasa. Mshangiliaji wa pacha 6–7 awe ameacha kucheka ifikapo 14–15, bila maneno kumtaja. Watoto huyaona haya kabla ya mwalimu, na ndiyo yanayowafanya wasome kitabu mara ya pili.

Nguvu inachorwa kwa ukubwa na umbali. Pacha 8–9 chora kutoka usawa wa macho ya Sefu, Juma akikata ukingo wa juu wa ukurasa. Pacha 22–23 macho ya wote yawe mstari mmoja. Hakuna haja ya kumpa Juma ndita na meno. Mwonevu mwenye uso wa kawaida anaaminika zaidi.

12–13 kwenye kitabu cha kurasa 24 kilichobanwa pini ndiyo katikati, pacha pekee ambayo ni kipande kimoja cha karatasi. Kwingine kote nusu mbili huchapwa kwenye vipande tofauti na zinaweza kupishana milimita moja au mbili, kwa hiyo uso wa mtu usiwekwe kwenye mkunjo. Uso wa Asha katikati ya vinywa vilivyo wazi uwe hapo 12–13, mkubwa.

Na hili ndilo linaloharibu vitabu vingi: ngozi nyeusi zinachapwa kama doa. Kwenye skrini uso unapendeza, kwenye karatasi macho na mdomo vimemezwa, na kitabu hiki bila nyuso hakina kitu. Geuza faili kuwa CMYK (rangi nne za wino wa uchapaji) mapema, usisubiri mwisho. Jenga kahawia ya ngozi kwa njano na magenta, na nyeusi (K) iwe kidogo sana; vivuli viende kwenye zambarau au kahawia nyekundu. Jumla ya wino isipite asilimia 300. Weka mwanga kwenye paji, pua na mdomo wa chini, na usiuweke uso mweusi mbele ya ubao mweusi. Chapisha ukurasa mmoja wa majaribio kwenye karatasi ile ile kabla ya kuchora wa tatu.

---

Mashineni

Bei yako imepandishwa na mraba. Karatasi ya SRA3 ni milimita 320 kwa 450. Pacha ya 21 kwa 21, ukiongeza milimita 3 za kukatia kila upande, ni 426 kwa 216. Inaingia moja tu, na utepe wa sentimita 10 unatupwa. Kurasa 24 ni vipande 6 vya kukunja, yaani karatasi 6 kwa kitabu, 1,800 kwa nakala 300.

A5 ya kulala (210 kwa 148) pacha yake ni 426 kwa 154, zinaingia mbili. Karatasi 3 kwa kitabu, jumla 900. Jalada nalo linatoka mawili kwa karatasi. Upana unabaki ule ule, na kwa foleni na madawati, umbo la kulala linafaa kuliko mraba. Ongeza karatasi kama 5 kwa kila 100 za kuharibika. Uliza kwanza kama mashine yao ya kubana pini inakubali kitabu cha kulala, nyingine zimepangwa kwa cha kusimama.

Ndani art paper (karatasi laini ya picha) gramu 150 (ya 130 picha ya nyuma inaanza kuonekana), jalada art card (kadi ngumu ya aina hiyo) gramu 300 na laminesheni ya mati upande wa nje. Jalada lipigwe mstari wa mkunjo kabla ya kukunjwa, vinginevyo rangi inapasuka mgongoni na weupe unatokea. Kwa nakala 300 nenda dijitali. Ofseti ina sahani nne za kuchapia kwa kila upande wa karatasi na gharama hiyo inataka nakala kuanzia kama 1,000 ili igawanyike vizuri.

Faili: nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa kamili, maandishi yawe nyeusi tupu (K asilimia 100, sio mchanganyiko wa rangi nne, yatapata kivuli), ukubwa wa herufi 18 hadi 20, na yakae angalau milimita 10 kutoka ukingoni. Yawekwe kwenye faili la maandishi, yasichorwe ndani ya picha, la sivyo kurekebisha neno moja ni kumrudia mchoraji.

ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Iombe kabla ya kufunga jalada, maana mistari yake ya kuskani inakaa nyuma ya jalada. Kama unataka kitumike shuleni kama kitabu cha ziada, wasiliana na Taasisi ya Elimu (TET) kabla ya kuchapa. Ni uchungu kukuta marekebisho wakati nakala 300 zimeshabanwa pini.

---

Kalamu ya Mkaa

Aisee, asanteni sana. Nimehamia A5 ya kulala, mtaro umefukiwa, Masumbuko sasa ni Juma na Neema ni Asha. Kigugumizi nimekitoa, Sefu kahamia shule. Maneno yamefika 520. Pacha tatu za katikati zinasomeka hivi:

10–11: *Sefu aliingia na kaptura yake ya bluu. "Bluu! Bluu!" Juma aliimba. Darasa likacheka. Asha naye akacheka. Kidogo.*

12–13: *Kisha Asha akamwona Sefu akimtazama.*

14–15: *Kesho yake Asha hakucheka. "Bluu wawili!" Juma akasema. Darasa likacheka zaidi.*

Bado sijui kama Sefu aseme chochote kabla ya ukurasa wa 20.

---

Mhariri Msumari

12–13 ina a- ile ile niliyoisema. "Akimtazama" nani? Asha au Juma? Andika: "Kisha Sefu akamtazama Asha." Maneno manne, na jicho linajua pa kwenda. "Kidogo" yake mwenyewe iache, usiiguse.

Sefu aseme mara moja tu, 16–17, na liwe la gololi, si la uonevu. "Zamu yako" inatosha.

---

mwl_wa_zamu

14–15 inafanya kazi. Maneno 20 ya kupunguza utayapata kwa mwalimu, atakuwa bado anaongea sana.